Mwenyekiti wa Mtandao Usio na Mwenyekiti

Klementina alikuja kwetu mwaka 1991 kuosha vikombe. Nalisema hilo mapema kwa sababu siku hizi kuna watu hapa Mpanda wanaosimulia kwamba Chama chetu cha wafuga nyuki kilimwona binti mwenye kipaji kikamlea. Uongo mtupu. Chama kilitaka mtu wa kufagia na kuchemsha chai, naye ndiye aliyetangulia kupiga hodi. Angetangulia mbuzi anayejua kuwasha jiko, tungemwajiri mbuzi.

Alitoka Kapalamsenga, mtoto wa tano wa mvuvi wa dagaa, darasa la saba, na cheti kimoja tu mkononi, cha kipaimara. Mimi nilikuwa Katibu. Naitwa Evodi, kidato cha nne, na cheti changu nilikitundika ukutani kwa ustadi, kona ya kalenda ikafunika mahali palipoandikwa daraja. Ofisi yetu ilikuwa Kashaulili, chumba kimoja nyuma ya maduka ya sokoni. Ukutani palikuwa na maandishi ya rangi ya mafuta, Fuata nyuki ule asali, na waliofuata zaidi walikuwa nzi.

Kupiga chapa alijifunza mchana, nilipokuwa nimetoka kula. Nami nilikuwa mtu wa kula taratibu. Nikirudi saa tisa namkuta ameshafunika mashine, vumbi limefutwa, na kwenye kikapu cha takataka kuna karatasi zimejaa mistari ya herufi. Baada ya mwaka alikuwa anapiga kwa vidole kumi bila kutazama. Mimi niliendelea kudonoa kwa kidole kimoja kama kuku, na barua ndefu nikawa nampa yeye, kisha natia sahihi yangu chini. Hiyo ndiyo kazi ya Katibu, kutia sahihi.

Mwaka 1995 marafiki wa kanisa fulani huko ng'ambo wakatuletea kompyuta. Ilikuwa imetumika mpaka ikawa na rangi ya meno ya mvuta sigara, lakini kwetu ilikuwa harusi. Tukafunga paneli ya jua juu ya bati, mtaalamu akaja kutufundisha kwa wiki mbili. Siku ya kwanza nilihudhuria. Siku ya pili akatoa kitabu cha kurasa mia nne, nami nikashikwa na malaria, ile malaria inayomjua mtu anayeogopa vitabu. Nilipopona mtaalamu alikuwa ameshapanda treni ya Tabora, na kwenye kiti cha kompyuta amekaa Klementina.

Barua za kompyuta zilisafiri hivi. Nje kidogo ya mji palikuwa na misheni yenye redio ya mawasiliano, na fundi wake alikuwa Siméon, kijana wa makazi ya Katumba, ambaye wazazi wake walitoka Burundi mwaka sabini na mbili. Klementina alikuwa anaandika barua, anaziweka kwenye diski, anapanda baiskeli hadi misheni. Saa kumi jioni Siméon anaunganisha kompyuta ya misheni na redio, redio inalia kama chura aliyekabwa koo, na barua zimekwenda. Zilifika kwenye mashine fulani, ile ikampa jirani yake, jirani akampa jirani, hivyo hivyo mpaka upande wa pili wa dunia. Mashine moja ikizimika, barua zinazunguka kwingine.

Humo ndimo Klementina alimokuta kundi lake. Walikuwa watu wanaozungumza habari za kompyuta: ukiandika swali, linaingia kwenye kila mashine iliyomo, na yeyote mwenye jibu anajibu. Alikuwepo mwanamke wa Brazili, mzee mmoja wa Ufini, mwalimu wa Tabora aitwaye Rénovat ambaye mara nyingi alisoma tu akanyamaza, na wengine ambao hata majina yao hayatamkiki. Hakuna aliyewahi kumwona mwenzake. Klementina aliwauliza kwa Kiingereza cha kuokoteza, nao wakamjibu bila kumcheka. Hilo lilinishangaza, maana sisi tuliokaa naye tulikuwa tunamcheka.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu, nimalizane nayo. Machi 1997 rafiki yangu wa Sumbawanga alinipa diski yenye mchezo wa karata. Nikaipachika Klementina akiwa misheni. Nilishinda mara tatu, na nilikuwa naelekea kushinda ya nne, herufi zikaanza kudondoka. Ziliachia juu moja moja, zikaanguka mpaka chini ya kioo, zikarundikana pale. Nikazima mashine, nikatia diski mfukoni, nikaenda kwa mama Edina sokoni kunywa chai ya tangawizi.

Aliporudi mashine haikukubali. Ilitoa mwanga tu, na neno moja la Kiingereza la kukataa.

"Katibu," akaniuliza, "kuna mtu ameingiza diski humu?"

"Diski gani?" nikasema.

 Kisha akachukua ufagio, akaanza kufagia chumba ambacho alikuwa amekifagia asubuhi.

Mwenyekiti wetu, Mzee Nyanda, aliitisha kikao siku ya pili. Huyu alikuwa Msukuma mpana, mwenye ng'ombe Kasansa na mizinga porini, na uenyekiti ulikuwa kwenye damu yake. Alikuwa mwenyekiti wa Chama, wa kamati ya shule, wa ujenzi wa kanisa na wa timu ya mpira ambayo hakuwahi kuiona ikicheza. Ukitokea msiba, kabla maiti haijaoshwa yeye alikuwa ameshachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Akauliza swali moja tu: "Nani anaigusa mashine hii kila siku?"

Wajumbe wote wakamtazama Klementina. Na mimi nikamtazama. Aibu ilinipata, nakiri, lakini nilikuwa na mke, watoto wanne na cheo, na diski ya karata ilikuwa bado mfukoni mwangu inanichoma paja.

Uamuzi haukuchelewa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na mfanyabiashara tayari. Bwana Sospeter wa Mwanza aliuza mashine mpya yenye programu ya leseni, ile ambayo kila mwaka unaomba upya ruhusa ya kuitumia, na mkataba wake unakuja na opareta wake mwenyewe, mwenye diploma. Katibu wa Chama naye anapelekwa Dar es Salaam wiki mbili kwa mafunzo. Na Klementina? "Atarudia kazi aliyoajiriwa nayo," akasema Mzee Nyanda. Mkataba utasainiwa baada ya mwezi mmoja, Sospeter atakapofika. Klementina alisikia yote hayo akiwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe.

Jioni ile alikwenda misheni, akawaandikia wale watu wake. Baada ya siku chache wakamjibu kwamba ipo programu iitwayo Linux, inayotengenezwa na watu waliotawanyika kama wao, na kila mtu anaruhusiwa kuinakili, kuifungua, kuirekebisha na kumgawia jirani. Tena inakubali mashine kuukuu. Rénovat wa Tabora, yule mnyamavu, akanakili diski ishirini na kuzikabidhi kwa gadi wa treni. Zilifika kwenye bahasha ya kaki, juu yake amechora ndege mnene asiyeruka. Diski ya tisa ilikuwa mbovu, ikabidi kungoja treni nyingine. Siku ya nne baada ya hapo, Siméon ameshika bisibisi na Klementina amefunga kanga kiunoni, mashine ikaamka.

Akaomba nafasi mbele ya bodi. Akachapa barua, ikatoka kwenye printa safi kabisa. Wajumbe wakaipitisha mkono kwa mkono.

"Bei gani?" akauliza Mzee Nyanda.

"Bure, Mzee."

Chumba kikapoa. Neno hilo kwetu si neno zuri. Cha bure tulishakiona: mbegu za bure zilizokataa kuota, vyandarua vya bure vyenye matundu ya kupita njiwa.

"Rahisi ghali," nikasema mimi, nikiifikiria Dar es Salaam.

"Mwanangu," Mzee Nyanda akamwambia Klementina kwa upole, "mimi sina ugomvi na bure. Naomba kujua jambo moja. Hao watu, mwenyekiti wao nani?"

"Hawana mwenyekiti, Mzee."

"Katibu?"

"Hawana."

"Mweka hazina?"

"Hakuna cha kuweka, Mzee. Kila mtu na mashine yake. Mwenye shida anauliza, anayejua anajibu."

Mzee Nyanda alivua miwani, akaifuta. Sijawahi kumwona mtu mzima akisikitika vile kwa ajili ya watu asiowajua. "Hilo ni genge," akasema. "Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Chama hiki hakiwezi kushirikiana na genge."

Hapo akanyoosha mkono Mzee Lyamba, Mkonongo wa Inyonga, mrina asali tangu enzi za mkoloni, ambaye kwenye vikao huwa amelala. "Mizinga yetu huko porini, mwenyekiti wake nani?" akauliza. "Kila mtu anatundika wake, anachonga alama yake, anaondoka. Mwaka mzima hakuna mlinzi. Wewe ukipita unakuta mzinga wangu umeanguka, unanitundikia, unakwenda zako. Hujaitisha kikao. Na asali tunakula."

Yalikuwa maneno ya akili, tena ndiyo maneno pekee ya akili yaliyosemwa siku ile. Lakini ilikuwa saa nane, na harufu ya pilau ilikuwa inaingia dirishani. Mjumbe mmoja akatoa hoja: kama hawana mwenyekiti, si tuwachagulie? Hoja ikaungwa mkono kwa haraka ya njaa. Jina likapendekezwa moja. Mzee Nyanda akatoka nje kwa heshima wakati wa kupiga kura, akasimama dirishani anasikiliza. Akapata kura kumi na moja za ndiyo na hapana moja. Aliyepiga ile hapana hakujulikana, ingawa Mzee Lyamba alicheka peke yake mpaka pilau ikaja.

Nikaandika muhtasari, na nikisema niliuandika vizuri sijisifu bure. Waliohudhuria, kumi na watatu. Wasiohudhuria kwa taarifa, hakuna. Wasiohudhuria bila taarifa: wanachama wengine wote duniani. Azimio la kwanza, kwamba Ndugu Nyanda amechaguliwa kuwa Mwenyekiti wa Mtandao. Azimio la pili, kwamba wanachama wote, popote walipo, walete majina yao kamili, kabila na anwani ya posta. Azimio la tatu, kwamba barua zote zipitie Mpanda kwanza zigongwe muhuri. Klementina akaamriwa atafsiri na kutuma. Wakimtambua Mwenyekiti, bodi itafikiria programu yao. Wasipomtambua, Sospeter anakuja Ijumaa ya wiki ijayo.

"Wazee wangu," Klementina akasema, "hawa watu wamenisaidia bure. Nikiwapelekea hii watanifukuza. Nyie hamjui wanavyochukia kutawaliwa."

"Hakuna anayechukia kutawaliwa na mtu mwema," akasema Mwenyekiti.

Akaenda kuandika. Alikaa kwenye ile mashine kutwa nzima, analifuta neno, analirudisha. Mimi nilikuwa meza ya pili, nachonga penseli. Jioni akachukua diski na baiskeli, akaenda.

Siku nne hakuna jibu. Vikombe alikuwa anaviosha mara mbili mbili. Siku ya tano Siméon mwenyewe akaja ofisini anakimbia, shati limelowa, na karatasi zilizochapwa mkononi. Majibu thelathini na saba.

Mzee Nyanda akaitisha bodi palepale, akavaa koti. Klementina akasimama kutafsiri. Mzee wa Ufini anasema anamtambua Mwenyekiti, naye ni mtu wa ukoo wa wafuga nyuki pia. Mama wa Brazili anatuma pongezi na anauliza kama Mwenyekiti anapenda muziki. Watu sita wa nchi moja wameleta majina yao kamili, na kwenye nafasi ya kabila wamejaza majina ya timu zao za mpira. Mmoja alikuwa ameandika kurasa nne, nyingi kwa herufi kubwa. Klementina alizipitia zote, akasema: "Huyu ana maoni tofauti kidogo, ila anamsalimia Mzee."

Kiingereza changu kilikuwa cha kusomea maandishi ya dawa za ng'ombe, kwa hiyo sikupinga.

Mzee Nyanda alilia. Alitoa leso, akalia waziwazi, akasema mbele ya bodi kwamba baba yake alikufa bila kuvuka Mto Ugalla na leo mwanawe anasalimiwa Ufini. Nilitaka kucheka nikashindwa. Siku ya pili akaagiza muhuri wa mpira: Mwenyekiti, Mtandao wa Dunia, Mpanda.

Ijumaa Sospeter akashuka na tai, mkoba wa ngozi na karatasi za mkataba. Opareta wake alikuwa naye, kijana mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni. Wakaonyesha picha za mashine yao. Zilivutia, sikatai. Rangi kama za kanga mpya.

"Ukiharibika mtambo, tunaufungua wenyewe?" akauliza Mzee Lyamba.

"Hapana, mzee wangu. Hairuhusiwi kufungua. Unatuita."

"Kumbe ni mzinga ninaoununua halafu siruhusiwi kufunua mfuniko," Mzee Lyamba akasema, akarudi kulala.

Lakini si hilo lililomwangusha Sospeter. Mzee Nyanda aliweka viganja mezani, akauliza lile swali lake. "Kampuni inayotengeneza programu hii, ina mwenyekiti?"

"Inaye, mzee!" Sospeter akajibu kwa furaha, akijua amefika kwa watu wa utaratibu. "Mtu mkubwa sana, yuko ng'ambo."

"Na sisi tukisaini, tutakuwa nani kwake?"

"Mtakuwa wateja wake."

 Nilimkonyeza Sospeter, nikamkonyeza tena, nikakohoa. Hakuelewa. Mtu anaweza kuwa na diploma asijue kwamba huwezi kumwambia Mwenyekiti wa Mtandao wa Dunia kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa mteja wa mwenyekiti mwenzake. Kabla ya saa sita Sospeter alikuwa stesheni anaulizia behewa la daraja la pili, na Dar es Salaam yangu imekwenda naye.

Klementina akabaki kwenye kiti chake. Chai ikawa ya zamu, na zamu yangu ilikuwa Jumanne. Matangazo ya madaraja ya asali, barua za Inyonga, kadi za wanachama, vyote vikatoka kwenye mashine ile kuukuu. Mwaka uliofuata aliwanakilia misheni, kisha shule moja ya Katumba ambako mwalimu Immaculata alikaa na mashine siku tatu bila kuoga mpaka ikaamka, kisha kibanda cha kupiga chapa hapa Kashaulili. Mashine nne, kila moja na mwenyewe, hakuna iliyo chini ya nyingine. Mzee Nyanda alijihesabu mwenyekiti wa zote na alizitembelea kila mwezi na muhuri wake, akipewa soda, akiuliza kama kuna malalamiko. Hayakuwepo. Kwa kweli sijaona uongozi uliofanikiwa zaidi.

Wanaume walimjia Klementina kuposa, wawili wenye heshima na mmoja mwenye pikipiki. Alimwambia yule wa pikipiki kwamba anaweza kuifungua mwenyewe na kuirekebisha akitaka, kwa hiyo haoni faida ya kuolewa nayo. Mwishoni mwa 1999 shule moja ya Kigoma ikamwita kufundisha kompyuta, yeye wa darasa la saba, na barua ya kumwita ilipitia kwa mtu wa lile kundi.

Siku ya kuondoka alikuwa anafunga vitu vyake kwenye sanduku la bati, mimi napitia mafaili aliyonikabidhi. Katikati ya faili moja nikakuta nakala ya ule muhtasari wangu, kwa Kiingereza, kama alivyoutuma. Kurasa mbili, maazimio yote matatu, hata wasiohudhuria bila taarifa. Chini yake palikuwa na mistari mingine michache ambayo haikuwa yangu. Ilikuwa Kiingereza chepesi, hata mimi nilikielewa.

Aliandika: Ndugu zangu msionijua. Maneno ya hapo juu ni ya wakubwa zangu. Najua hatuna mwenyekiti na hatumtaki. Lakini mzee huyu asipokuwa mwenyekiti, nitanyang'anywa mashine kwa kosa ambalo sikulifanya, na nitarudi jikoni. Ni mzee mwema, hatawasumbua. Naomba mumkubali.

Nilisoma mara mbili. Watu thelathini na saba. Nikauweka mezani.

"Klementina," nikasema, "hawa watu ulikuwa hujaona hata picha zao. Mimi nilikuwa hapa hapa, meza ya pili. Kwa nini hukuniomba mimi nikusemee?"

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alibana kufuli ya sanduku, akalijaribu kama limefunga, akalinyanyua.

"Wale nilikuwa siwajui, Katibu," akasema. "Nikasema ngoja nijaribu. Wewe nilikuwa nakujua."

Kisha akaniomba nimfungulie mlango, maana mikono yake ilikuwa imejaa. Nikamfungulia.